Mrejesho: Mzee na diazepamu ya kila usiku

Niliuliza kama mzee wa miaka 78, anayemeza diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, miligramu 10 kila usiku kwa miaka mingi, anaweza kuiacha, kwani mchana anasinzia na akisimama anapepesuka.

Anaweza, ila si ghafla. Kukatiza mara moja huleta mtetemeko, wasiwasi mkali, hata degedege. Mpango wa daktari ni kushuka miligramu 1 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na mwishoni kushuka nusu miligramu kila mara. Ndiyo, ni miezi mingi. Tumia vidonge vya miligramu 2 na kikata vidonge. Kisu cha jikoni hutoa vipande visivyolingana, halafu watu wanadhani mwili umegoma kumbe kipimo ndicho kinachoyumba.

Usingizi ukiharibika baada ya kushuka, baki hapo hapo mpaka utulie. Usipandishe tena.

Sababu ya kusinzia mchana sasa inaeleweka: ini la mzee huivunja dawa polepole, nayo hujificha kwenye mafuta ya mwili, hivyo ya jana hukutana na ya leo. Ndiyo maana nafuu haiji siku ya pili.

Mtego mkubwa ni kuziba pengo kwa dawa za mafua zinazolevya, kama klorofeniramini. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, choo kigumu na mkojo kuziba. Pombe ndiyo kabisa, isiguswe.

Kinachosumbua bado ni kuamka usiku kukojoa: taa iwe karibu na kitanda, na akae ukingoni kidogo kabla ya kusimama.