MREJESHO: Waholanzi na ngome ya Kisiwa cha Msumbiji

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza pa kuanzia kutafuta habari za Waholanzi walioshambulia Kisiwa cha Msumbiji, mkanijibu kwa moyo.

Ushauri wa kuanza na orodha ya safari za meli za Uholanzi kwenda Asia, 1595 hadi 1795, ndio ulionifaa kuliko yote. Iko mtandaoni, bure. Nimeupata msafara wa Paulus van Caerden, meli 8 zilizong'oa nanga 1606, na ule wa Pieter Verhoeff, meli 13. Mwaka 1607 Van Caerden aliizingira ngome ya São Sebastião, ngome ya Wareno kisiwani humo. Maradhi na mizinga ya Wareno vikamshinda, akauchoma mji akaondoka. Mwaka 1608 Verhoeff akajaribu tena, naye akashindwa. Kwa maoni yangu hapa pazito: wangekitwaa kisiwa kile, huenda wasingehitaji kujenga kituo kule Cape (Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini) mwaka 1652.

Kilichogoma ni majina ya mabaharia wa kawaida, na ndiyo niliyoyatamani zaidi. Daftari za mishahara ya mabaharia wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki (VOC), zilizoko Hifadhi ya Taifa ya Uholanzi, Den Haag, kwenye kanzidata ya mtandaoni zinaanza 1699, miaka mingi baada ya misafara hii. Anayetafuta mtu wa karne ya 18 asizipite: utakuta jina, mji alikotoka, meli yake, na kama alirudi au alifia safarini.

Uliyenielekeza kwenye nyaraka za Wareno kule Lisbon, asante mkuu. Ndiko ninakoelekea sasa.