Tupeane uzoefu: mwizi alipitaje dirishani au kwenye mlango wa kioo, na baadaye ulirekebisha nini?

Mwana Madale (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Kibanda changu kimefika finishingi. Fundi alminiamu ananipigia debe mlango wa kioo wa kuslaidi, sebuleni kutokea barazani. Mama watoto kasema bila grili hahamii. Kabla sijatoa hela nataka kusikia yaliyowakuta: walipita wapi, na mlifanya nini baada ya hapo. Ule ushauri wa "weka mlinzi" naomba tuuache, walinzi wetu tunawajua.

Mama Wawili, Tabata
Kwangu hawakuingia kabisa, walivua. Joto la Februari, umeme umekatika, tukaacha dirisha wazi tukijua nondo zipo. Asubuhi wavu umechanwa kwa wembe pembeni, mkoba haupo, suruali ya baba watoto tunaiokota uani mifuko imepinduliwa nje. Kifaa chao walikiacha: mti wa fagio la kutolea buibui, mwishoni wamefunga waya wa henga uliokunjwa ndoano. Funguo za mlango zilikuwa mezani, nazo walizivuta, ikabidi tubadili vitasa vyote. Sasa vyumba vya chini vina wavu wa chuma wa matundu madogo nyuma ya ule wa mbu, na meza haikai tena karibu na dirisha.

Fundi Chuma, Gongo la Mboto
Mwanzisha uzi, naongea kama mchomeleaji. Grili nyingi ninazoitwa kuzirekebisha baada ya wizi hazijakatwa hata kidogo. Zimetanuliwa kwa jeki ya gari, au zimeng'olewa nzima nzima.

Jeki inafanikiwa pale nondo ilipogusishwa tu juu ya fleti baa (kile chuma bapa cha kulala) na kutiwa nukta ya weldi. Weldi ikiachia, nondo inapinda na mtu anapita. Mwambie fundi atoboe fleti baa, nondo ipenye kwenye tundu, ndipo achomelee. Inakula muda, ndiyo maana wengi wanaikwepa na wewe ukiangalia kwa mbali huoni tofauti.

Cha pili ni miguu. Ichimbiwe ukutani kabla ya plasta, ncha yake ikiwa imepasuliwa mkia wa samaki, kisha izibwe kwa zege. Kama plasta imeshapigwa utatumia bolti, lakini tofali za huku kwetu nyingine ni mchanga mtupu, bolti unaivuta kwa mkono. Tafuta nguzo au linta (boriti ya zege juu ya dirisha) uishike hapo. Na kichwa cha bolti kichomelewe ili spana isishike. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 12, la sivyo wanapitisha mtoto anawafungulia mlango.

Kama upo karibu na bahari, kutu inaanzia kwenye weldi. Piga redoksaidi kwanza, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Ile rangi nyeusi inayong'aa peke yake ni urembo.

Mwana Madale
Grili ndani au nje?

Fundi Chuma
Ndani. Akitaka kuifikia sharti avunje kioo kwanza, na kioo kinapiga kelele. Ikiwa nje anaifanyia kazi taratibu nyinyi mmelala.

Mie wa Kisauni
Huku Mombasa nyumba nyingi za zamani zina luva, yale madirisha ya vioo vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Nilirudi kazini nikakuta vioo vya luva vimeegemezwa ukutani, vimepangwa sawasawa, hata ufa hamna. Wezi wenye adabu hao! Kile kibati cha kushikilia kioo kinakunjuka kwa kidole tu, kioo kinachomoka. Waliingilia hapo, wakatokea mlangoni na TV na mtungi wa gesi. Landlord hakutaka kusikia habari ya grili. Nikatia silikoni pembeni mwa kila kioo, halafu tukaelewana nifunge grili kwa ndani, pesa zikatwe kwenye kodi.

Kigamboni Daima
Mkuu, mlango wa kuslaidi ninao, na huo ndio walioupitia. Kioo hakikuguswa, loki haikuguswa. Waliunyanyua ukatoka kwenye reli, wakaulaza barazani. Fundi mwingine akaja kunionyesha: juu ya mlango kuna nafasi, ndiyo inayoruhusu kuupachika wakati wa kufunga, kwa hiyo ndiyo inayoruhusu kuung'oa. Akapiga skrubu ndani ya reli ya juu, vichwa vimening'inia kiasi, mlango unapita ila haunyanyuki. Kwenye reli ya chini tunalaza kipande cha bomba la chuma kila usiku. Na upande unaosogea uwe wa ndani, ule usiosogea ndio ukae nje. Wangu uliwekwa kinyume.

Vioo Ilala
Kuhusu kioo chenyewe. Tempadi, yaani kioo kilichoimarishwa kwa joto, ni kigumu kukivunja, lakini kikishapasuka kinamwagika chote punje punje na njia inabaki wazi. Laminetedi ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari: kinapasuka lakini hakidondoki, na anayetaka kupita itabidi apigepige pale pale hadi mtaa uamke. Kuna ya mm 6.38, yaani mm 3 mbili na utando wa 0.38. Tinti ya kawaida ni kivuli tu. Filamu nene ya usalama ipo, ila isiposhikizwa kwenye fremu kwa silikoni, kioo kinatoka na filamu yake kipande kizima.

Kijana wa Mbagala
Mmesahau dawa. Wanapuliza dirishani mnalala fofofo.

Mwana Madale
Mkuu, hiyo dawa ingekuwepo hospitali zingeshaigombania. Usingizi wa saa tisa usiku unatosha. Turudi kwenye madirisha.

Binti Ilemela
Jamani na moto je? Jirani yetu alitolewa kwa kubomolewa ukuta, grili zote zimechomelewa na mlango ndiko moto ulikoanzia. Sisi chumba kimoja tumeweka grili ya kufunguka, yenye bawaba na kufuli kwa ndani. Ufunguo uko kwenye msumari ukutani, watoto wanaujua, na kutoka dirishani hauonekani wala haufikiki kwa kijiti (Mama Wawili, nimekusikia). Zimamoto Tanzania ni 114, ila foleni za mjini mnazijua.

Mwana Madale
Nashukuru sana. Nimeamua: mlango wa kuslaidi utakuwepo, laminetedi, grili ya mkunjo (ya kukunjwa pembeni) nyuma yake. Fundi alminiamu nimemuuliza habari za skrubu kwenye reli ya juu, akanijibu "hiyo ni ya ziada bosi".

Kigamboni Daima
Skrubu za mia tano! Nunua mwenyewe, na usimmalizie hela mpaka umejaribu kuunyanyua huo mlango mbele yake.