Kubandika sura yangu mitaani Kampala: gundi ipi, na isionekane kampeni vipi?

Mkono_wa_Katwe
Habari zenu wakuu. Naandaa mabango 60 ya A2, meusi na meupe: sura yangu na jina langu, basi. Siuzi kitu wala sigombei cheo. Kujitangaza kwenyewe ndiyo kazi ya sanaa. Gundi gani itahimili mvua za Aprili? Na nifanyeje watu wasiseme "huyu naye mgombea"?

Uji_Mzito
Unga wa muhogo, ndugu. Vuruga kikombe kimoja kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina taratibu kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, huku unakoroga. Usiepue ukiwa bado mweupe kama maziwa. Ngoja ung'ae na kuvutika kwenye mwiko. Unga usioiva ukikauka hugeuka vumbi, na bango linadondoka zima. Ukipoa ukawa mzito mno, ongeza maji ya moto. Pika wa siku hiyo tu, maana huchacha.

Karatasi iwe ya gramu 80, isiyong'aa. Pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji, waambie wachape kwa leza au ofseti. Wino wa maji ukiguswa na gundi tu, macho yanatiririka hadi kidevuni.

Ukuta upigwe brashi kavu kwanza. Lile vumbi letu jekundu ndilo linalobandua mabango mengi kuliko mvua. Paka gundi ukutani, shusha karatasi kuanzia juu, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, halafu paka tena juu yake. Kingo zipewe gundi ya ziada, maji huingilia hapo. Ukuta wa chokaa uache: chokaa hutoka pamoja na karatasi. Na gundi ya unga haiwezi mvua ya kupiga moja kwa moja, kwa hiyo tafuta kuta zenye paa lililotokeza.

Ukuta_Unasema
Kuhusu swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Shepard Fairey, msanii wa mitaani wa Marekani, alipoanza mwaka 1989 na stika za mwanamieleka André the Giant, hazikuwa zinauza chochote. Nguvu ilitoka kwenye kurudiwa: mtu anaiona mara ya tano, anaanza kujiuliza. Ukiweka namba ya simu, swali limekufa, umekuwa tangazo. Usiweke kaulimbiu pia. Rangi za vyama, hasa njano na nyekundu, usiziguse kabisa.

Usitawanye yote 60. Weka 15 kwa safu kwenye ukuta mmoja, na sura ibadilike kidogo kidogo: la kwanza macho wazi, la mwisho yamefumbwa. Mgombea hafumbi macho kwenye bango lake.

Kibali: matangazo ya nje Kampala yako chini ya KCCA, mamlaka ya jiji, nenda ukaulize kabla hujachapa. Mwenye ukuta naye akuandikie ruhusa, ya mdomo haitoshi askari akija. Nguzo za umeme na alama za barabarani usiguse.

Mkono_wa_Katwe
Asanteni sana. Na jina nikitaka kulipuliza kwa rangi chini ya safu?

Uji_Mzito
Kata kiolezo kwenye filamu kuukuu ya eksirei, hailowi. Herufi kama A, O na R ziachie vidaraja vya milimita 5, la sivyo matumbo yake yanadondoka. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20, mara mbili kwa wepesi. Ukipuliza nzito mara moja, rangi inapenya chini ya kiolezo na jina halisomeki.