Timu ya raga ya Lebanoni: ni ya Beirut au ya Sydney?

Wakuu, Lebanoni ina timu ya taifa ya raga ya wachezaji 13. Wanaiita Mierezi, kwa ule mti ulio kwenye bendera yao. Ilipocheza Kombe la Dunia mwaka 2000, karibu kikosi kizima kilitoka Australia: watoto wa wahamiaji, wengi wao wazazi wakiwa wamekimbia vita vya 1975 hadi 1990. Kuna wanaosema hiyo si timu ya taifa, ni timu ya Sydney iliyoazima bendera.

Mimi nakataa. Kanuni zinamruhusu mtu kuchezea nchi ya mzazi wake, hata ya babu au bibi. Halafu mtazameni Hazem El Masri. Kazaliwa Tripoli ya Lebanoni, kafika Australia mwaka 1988 akiwa bado mtoto, kastaafu 2009 na pointi 2,418, rekodi ya ligi kuu ya kule kwa wakati huo. Huyo naye utamwambia si Mlebanoni? Kombe la Dunia la 2017 nahodha alikuwa Robbie Farah, mzaliwa wa Sydney. Wakaifunga Ufaransa 29–18, wakafika robo fainali, Tonga ikawatoa 24–22. Pointi mbili tu!

Kinachoniuma ni huyu kijana wa nyumbani. Ligi ya Lebanoni ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na imebebwa sana na wanafunzi wa vyuo vikuu. Anayefanya mazoezi jioni baada ya vipindi atampokonyaje namba mtu ambaye raga ndiyo kazi yake? Napendekeza nafasi tano katika kila kikosi ziwe za waliokulia ligi ya ndani.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, kwenye hizo tano tunaachana. Kombe lililochezwa 2022, Australia iliipiga Lebanoni 48–4, tena Lebanoni ikiwa na wachezaji wake wa kulipwa. Sasa umtie mwanafunzi mbele ya miili ile? Ataumia. Pesa ziende kwenye viwanja na makocha kwanza.

Mchangiaji wa tatu: Majirani zetu Wakomoro walipoifunga Ghana 3–2 kwenye AFCON, Januari 2022, kikosi kilijaa wazaliwa wa Ufaransa. Ushindi ule ulikuwa wa Moroni kama ulivyokuwa wa Marseille. Mtoto wa mhamiaji hakuchagua azaliwe wapi, tusimwekee mizani.

Mleta mada: Ndugu yangu wa tatu, simwekei mizani, nimeshasema ni Mlebanoni. La kuumia nimelikubali, ndugu yangu wa pili. Basi nafasi tano ziwe za mechi za kirafiki na za kufuzu, Kombe la Dunia kocha aamue mwenyewe. Ila viwanja na makocha peke yake havitoshi. Kijana akijua jezi haitamfikia hata siku moja, kesho haji mazoezini. Hapo mnanijibu nini?