Baada ya App Maker kufungwa: AppSheet, Kobo, Frappe au tutafute mtu atuandikie mfumo?

Tehama_Ipagala (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Niko kwenye chuo binafsi cha afya hapa Dodoma mjini, upande wa TEHAMA. Kabla ya 2021 tulikuwa na mfumo mdogo uliojengwa kwa App Maker ya Google, zana ya kujenga programu bila kuandika msimbo mwingi. Mwanafunzi anapangiwa kituo cha mafunzo kwa vitendo, msimamizi anakwenda kumkagua na kujaza alama, mratibu anazipitisha, mkuu wa idara anaona orodha nzima. Aliyeujenga ni mwalimu wa maabara, hakuwa programa. Aliburuta majedwali na vitufe mpaka vikakaa sawa, na penye ugumu akaandika mistari ya Apps Script, lugha ya Google ya kuongezea kazi kwenye zana zake.

Kwa wasioikumbuka, App Maker ilifunguliwa kwa wateja wa G Suite (siku hizi Google Workspace) za Business, Enterprise na Education Juni 2018. Januari 2020 Google ikatangaza kuifunga, sababu ikiwa ni matumizi madogo. Kuanzia 15 Aprili 2020 hukuweza kuanzisha programu mpya, na 19 Januari 2021 zote zikazimwa. Data iliyokuwa Cloud SQL, hifadhidata ya Google ya mtandaoni, haikuguswa, na ya kwetu tunayo yote mpaka leo. Zilizopotea ni skrini, ruhusa za nani aone nini, na njia ya alama kutoka kwa msimamizi hadi kwa mkuu wa idara. Hivyo havikuwa na pa kuhamia.

Tangu hapo tunaishi kwa Excel na makundi ya WhatsApp. Msimamizi akiwa Kondoa anapiga picha fomu ya karatasi, anaituma, mtu wa ofisini anaichapa upya. Picha ikiwa na ukungu, alama ya mtoto wa watu inasubiri. Kuna wanafunzi wanaochelewa kumaliza chuo kwa ajili ya karatasi, na jambo hilo linaniuma.

Vituo vyetu viko Mvumi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa mpaka Manyoni, na baadhi mtandao ni wa kubahatisha. Wasimamizi ni kama 30, wengi wana simu za Android za kawaida. Naomba mnilinganishie njia zilizopo kwa mtu ambaye hataki kuanza upya tena baada ya miaka miwili.

Kisasa_B

Mkuu, jibu fupi ni AppSheet, zana nyingine ya kujenga programu bila kuandika msimbo. Google waliinunua Januari hiyohiyo ya 2020 waliyotangaza kuifunga App Maker, na ndiyo waliyowaelekeza wengi wa waliokuwa huko. Unaiunganisha na Google Sheets au hifadhidata yenyewe, inakutengenezea skrini, na masharti unayaandika kwa fomula zinazofanana na za Excel. Mwalimu wenu wa maabara ataielewa haraka.

Uzuri wake mkubwa kwa jiografia yenu ni kwamba inafanya kazi bila mtandao. Msimamizi anajaza akiwa kituoni, simu inatunza, akifika penye mtandao inatuma. Bei ya kifurushi chake cha Core imekuwa dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi, kwa hiyo watu 30 ni dola 3,600 kwa mwaka ukilipa bei ya kawaida. Lakini baadhi ya leseni za Google Workspace zinakuja nayo ndani, angalieni ya kwenu kabla ya kutoa hela.

Sisi tunaitumia kwa stoo ya vifaa vya ujenzi na sijutii. Jedwali likinenepa tu inaanza kuvuta miguu. Ya mwaka uliopita yahamishie kwenye faili jingine.

Zabibu_Hombolo

Kabla ya dola 3,600, tazama KoboToolbox, au Kobo kwa kifupi, zana ya kukusanya data kwa fomu za kwenye simu. Huku kwenye ushirika wetu wa zabibu tunasajili wakulima na mashamba kwa Kobo, na tunakwenda sehemu ambazo simu haishiki kabisa. Fomu unaiandika kwenye Excel kwa mtindo unaoitwa XLSForm: safu moja aina ya swali, nyingine jina, nyingine maneno anayoyaona mtu, kisha masharti. Mtu anayejua Excel anaandika fomu ya kwanza siku hiyohiyo.

Kinachonifanya niisemee kwa moyo wote ni kwamba ile XLSForm si mali ya Kobo. KoboCollect, programu yake ya simu, imejengwa juu ya ODK Collect, na ODK, zana ya wazi ya kukusanya data, ilianzia Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani mwaka 2008. Faili lilelile unalipeleka ODK Central (seva ya ODK inayopokea fomu) au mifumo kama Ona na SurveyCTO, na linafanya kazi kwa marekebisho madogo. Kesho Kobo wakifunga, fomu zako unatembea nazo.

GPS ya simu inashika bila mtandao pia, kwa hiyo utajua msimamizi alijazia kituoni Mpwapwa au nyumbani. Na muda wa kuanza na kumaliza fomu unajiandika wenyewe.

Tehama_Ipagala

Ahsante ndugu. Hapo kwenye GPS umenigusa, mratibu wetu ataipenda. Ila nauliza: je, Kobo inaweza kumfanya mratibu aipitishe alama au airudishe kwa msimamizi ikiwa na kasoro? Huo ndio ulikuwa moyo wa mfumo wa zamani.

Zabibu_Hombolo

Hapo sitakudanganya. Kobo ni ya kukusanya. Kuna sehemu ya kuweka alama kwamba jibu limekubaliwa au limekataliwa, lakini mtiririko wa ngazi tatu zenye ruhusa tofauti haupo. Na wenye iPhone hawana KoboCollect, wanajaza kupitia kivinjari, ambacho nacho kinatunza bila mtandao ilimradi ukurasa uwe umefunguliwa kabla hawajaondoka mjini.

Kibaigwa1

Bubble, ile zana ya kujenga programu za wavuti, vipi? Naona vijana wengi mtandaoni wanaisifia.

Fundi_Makole

Bubble ina nguvu, unaweza kujenga karibu lolote la kwenye wavuti. Lakini kwa mwanzisha mada siishauri hata kidogo. Programu ya Bubble inakimbia kwenye Bubble peke yake. Data utaitoa kwa CSV (faili la jedwali la kawaida), ila mantiki uliyoijenga huwezi kuibeba ikakimbia kwingine. Ni hali ileile iliyomkuta 2021. Halafu tangu 2023 malipo yao yanahesabu kazi inayofanywa na seva, na mtu asiyezoea ni vigumu kukadiria bili ya mwezi. Na inataka mtandao muda wote. Manyoni hapo umekwama.

Nirudi kwenye swali kubwa, maana naona tunalinganisha vitufe wakati ndugu yetu ameuliza namna ya kutoanza upya.

Zana za namna hii zimefungwa nyingi, na kampuni zenye fedha kuliko sisi sote. Microsoft walikuwa na Popfly, wakaifunga Agosti 2009. Programu za wavuti za Access zikaondolewa SharePoint Online mwaka 2018. Amazon wakaleta Honeycode Juni 2020, wakati watu wa App Maker bado wanatafuta pa kwenda, nayo ikafungwa 29 Februari 2024. Ukubwa wa kampuni haukulindi. Kampuni kubwa ina mambo mengi ya kufanya, na zana yako ikiwa haiwaingizii kitu inakatwa.

Sasa tazameni App Inventor, ile ya kujenga programu za Android kwa vipande vya kuunganisha. Nayo ilikuwa ya Google, nayo ikaachwa mwishoni mwa 2011. Lakini msimbo wake uliachiwa wazi, MIT wakauchukua, na Machi 2012 ikafunguliwa tena kwa umma. Mpaka leo watoto wa shule wanaitumia. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio la kwanza: mwenye zana akiondoka leo, kuna mtu mwingine yeyote anayeruhusiwa kuiwasha?

Kwa kipimo hicho, mtiririko wa kupitisha alama ningeuweka kwenye Frappe, msingi uleule uliobeba ERPNext, mfumo wa kuendesha shughuli za taasisi. Ni wazi, unaisimika kwenye seva yako, data inakaa kwenye hifadhidata ya MariaDB. Unatengeneza aina ya waraka kwa kubofya, unapanga majukumu, unachora hatua: rasimu, imewasilishwa, imerudishwa, imepitishwa. Karibu yote aliyoyafanya mwalimu wa maabara yanafanyika humo bila kuandika msimbo. Gharama ni seva ya kukodi na mtu wa kuitunza. Udhaifu wake ni kwamba haina njia nzuri ya kujaza bila mtandao, na usimikaji wake una miiba kwa mtu wa mara ya kwanza.

Kisasa_B

Fundi, nakuheshimu, lakini mtu wa kuitunza ndiye tatizo lenyewe. Idara ya TEHAMA ya chuo kidogo ina watu wachache, na haohao ndio wanaotengeneza printa na projekta. Seva ikidukuliwa au diski ikijaa usiku wa kuamkia mitihani nani anaamka? AppSheet usalama na nakala za akiba si kazi yako. Hata ikifungwa, utapata notisi. App Maker walitoa karibu mwaka mzima.

Fundi_Makole

Hoja ya kutunza naikubali, ina uzito. Ya notisi hapana. Mwaka mzima waliupata, na bado leo wako kwenye picha za WhatsApp. Notisi haimpi mtu fedha wala fundi.

Binti_Nkuhungu

Naingia kama mtu anayeandika mifumo kwa kazi, nimesoma hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wengi wangetegemea niseme ajirini mtu aandike mfumo tangu mwanzo kwa zana za waprograma kama Django au Laravel. Kwa watumiaji 30 na fomu chache, nasema msifanye hivyo kwanza. Kuandika kunalipwa mara moja, watu wanasahau kwamba matengenezo hayaishi. Nimeitwa kwenye taasisi moja yenye mfumo mzuri kabisa ambao hakuna anayejua nenosiri la seva, kijana aliyeuandika alishahamia Dar na namba haipatikani. Mfumo wa kuandikiwa bila maandishi ya maelezo unaweza kufa kama App Maker, tena bila notisi.

Kaka Tehama, soma tena ulichoandika mwenyewe. Data ilibaki. Kilichopotea ni sheria za kazi: nani anaona nini, alama ikirudishwa inakwenda kwa nani, mratibu akiwa likizo nani anapitisha, alama ikishapitishwa nani anaweza kuibadilisha. Sheria hizo zilikuwa zimeandikwa ndani ya zana peke yake. Zana ikaondoka nazo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, kaa na mratibu na mkuu wa idara, ziandikeni kwa Kiswahili cha kawaida. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Kila uwanja wa fomu, maana yake na thamani zinazoruhusiwa. Kila hatua na mwenye hatua. Wekeni sahihi, tunzeni pamoja na nyaraka za chuo. Mkiwa na karatasi hiyo, kuhama kutoka AppSheet kwenda Frappe au kokote ni kazi ya wiki chache. Bila hiyo, mtamtafuta mwalimu wa maabara awasimulie alichokuwa anakumbuka.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Ninyi ni chuo cha afya. Fomu ya msimamizi ina sehemu ya maelezo ya mgonjwa aliyehudumiwa na mwanafunzi?

Tehama_Ipagala

Ipo sehemu ya aina ya huduma na umri wa mgonjwa. Wasimamizi wengine huandika na jina, ingawa fomu haiulizi.

Binti_Nkuhungu

Hapo pana hatari ya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za afya inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, anayekusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuna masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. AppSheet na Kobo ya mtandaoni seva zake ziko nje. Ondoeni kabisa uwanja wa maandishi huru unaomhusu mgonjwa, wekeni machaguo tu. Hakuna anayehitaji jina la mgonjwa ili kumpa mwanafunzi alama. Yatakayobaki ya wanafunzi wenyewe, muulizeni mwanasheria wa chuo kabla hamjapandisha.

Mtumba_Mjini

Naongezea kwa wanaosoma huu uzi wakiwa kwenye taasisi za umma: kwenu kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA). Msijenge kitu kimyakimya kwenye akaunti ya mtu binafsi halafu mje kuomba kibali baadaye. Chuo binafsi kina nafasi zaidi.

Tehama_Ipagala

Wakuu nimesoma yote na nimekaa na mratibu leo mchana. Tunaanza na karatasi ya dada Nkuhungu, tayari tumeona mambo mawili ambayo mimi na yeye tulikuwa tunayaelewa tofauti.

Kwa wasimamizi tunachukua ODK, fomu zikiwa XLSForm, na ODK Central kwenye seva ya kukodi ndani ya nchi. Muhula ujao vituo vya Mvumi na Kongwa peke yake, karatasi zikiendelea sambamba. Kupitisha alama kutabaki Excel kwa muhula huo, ikivuta moja kwa moja kutoka Central. Tukiona seva tumeiweza, Frappe inafuata. Kisasa, hoja yako ya nani anaamka usiku nimeipeleka kwa mkuu wa chuo, na amekubali kutenga fedha ya mtu wa nje kwa matengenezo. AppSheet ningeichukua kama asingekubali.

Zabibu, una lolote la kuniambia kabla sijaandika fomu ya kwanza?

Zabibu_Hombolo

Moja. Usimwache msimamizi aandike jina la mwanafunzi kwa mkono. Sisi wakulima walikuwa wanaandikwa Chilewa, Chilewah, Chirewa, mtu mmoja anakuwa watatu. Weka orodha ya wanafunzi kwenye CSV iliyoambatana na fomu, msimamizi achague kituo kwanza, kisha yatokee majina ya kituo hicho tu, na kinachotunzwa kiwe namba ya usajili. Orodha ikibadilika unasasisha CSV na wasimamizi wanaipakua kabla ya kutoka mjini. Fomu ya kwanza ikiwa tayari nitumie faragha niipitie, na uijaribu kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote mlizonazo.