Stroberi zangu zinatoka zimepinda tangu joto lianze: naomba ushauri

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Tangu joto lipande wiki iliyopita, stroberi ninazochuma zina maumbo ya ajabu: upande mmoja umejaa vizuri, wa pili umesinyaa na kuwa mgumu, na mbegu zimebanana pale penye kasoro. Maua ni mengi na majani yana afya. Nimekwisha kuagiza miche ya aina nyingine ili ning'oe hii yote, lakini moyo unasita. Nifanyeje?

Fundi Chavua: Pole sana. Nyama tunayokula ni kikalio cha ua kilichovimba. Matunda yenyewe, kibotania, ni zile punje ndogo za juu unazoziita mbegu. Punje iliyorutubishwa hutoa homoni ya auksini, na hiyo ndiyo huifanya nyama iliyo chini yake ikue. Mtafiti wa mimea Nitsch alilithibitisha hilo mwaka 1950 kwa kubandua punje kwenye matunda machanga: zilipobanduliwa, nyama haikukua. Kwa hiyo tazama kwa makini sehemu iliyosinyaa. Punje zikiwa ndogo mno, uchavushaji ulikwama. Zikiwa na ukubwa wa kawaida lakini tupu ndani, shuku kunguni wa mimea, wale wafyonzao.

Bi Shamba: Yangu yalikuwa na umbo zuri, ila hayakuwa na utamu, kwa sababu joto liliyaivisha upesi yakiwa bado madogo. Nawasihi wakulima wenzangu, tuache kuulazimisha mmea uzae katika msimu usioupenda.

Fundi Chavua: Mtoa mada, hujatuambia kama mimea iko nje au ndani.

Mtoa mada: Iko ndani ya kitalu cha nailoni, na pande zote nimeziba kwa neti yenye matundu madogo. Punje ni ndogo, kama ulivyosema. Mchana kipimajoto hufika nyuzi 37. Hata hivyo sioni sababu ya kufungua, kwani wadudu walinitesa sana msimu uliopita, na stroberi hujichavusha yenyewe.

Mdadisi: Samahani, nina shaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Kutoka ua kufunguka hadi tunda kuiva hupita takriban wiki 4, zikipungua kidogo wakati wa joto. Joto la wiki iliyopita linawezaje kupindisha tunda linalochumwa leo?

Bi Shamba: Tusimwite mwenzetu mwongo kabla hajajieleza.

Mtoa mada: Sijatunga neno. Joto la nje ndilo lililopanda wiki iliyopita. Neti niliifunga mapema zaidi, maua ya kwanza yalipochanua, na tangu siku hiyo ndani kumekuwa na fukuto.

Mdadisi: Basi hesabu inakubali, na ninaondoa shaka yangu.

Fundi Chavua: Inakubali, tena inarudi nyuma zaidi, kwa sababu chavua huumbwa ua likiwa bado tumba, na joto linalozidi nyuzi 30 huidhoofisha hata kabla ya kuchanua. Ni kweli kwamba ua hujichavusha, lakini kwa sehemu tu: chavua yake huangukia zaidi punje za pembeni, ilhali zile za kileleni humtegemea mno nyuki, ambaye neti yako imemzuia pamoja na upepo. Usiing'oe aina hii kabla hujaipa hewa. Fungua pande mchana, tandika neti ya kivuli juu, na funika udongo kwa nyasi kavu badala ya nailoni nyeusi. Matunda yaliyokwisha kupinda hayatanyooka. Angalia yatakayotokana na matumba ya sasa.

Mtoa mada: Nitafungua pande mbili kwanza, kisha nione. Miche niliyoagiza bado naihitaji, angalau kwa tuta moja. Lakini wadudu wakirudi, je, nipulize dawa?

Fundi Chavua: Kagua maua kwanza ujue ni mdudu gani. Ikilazimu, chagua dawa isiyo kali kwa nyuki na uipulize jioni wakisharudi mzingani, wala usiyalenge maua yaliyofunguka.