Familia Kinyerezi: nani kampa Twaha filamu ya majoka?

Mama Twaha: Asalaam alaykum familia. Ile flash nyekundu iliyokuwa juu ya friji ni ya nani?

Salma: Wa alaykum salaam mama. Yangu. Kuna nini?

Mama Twaha: Mdogo wako kaichomeka kwenye TV mchana mimi nikiwa sokoni. Kaangalia picha ya majoka mpaka mwisho. Tangu magharibi hataki kwenda chooni peke yake, na ndoo ya maji anaichungulia kwanza ndiyo aoge.

Idi: Maskini Twaha! Ni Anaconda ipi hiyo? Ile ya Jennifer Lopez?

Salma: Hapana, ya pili. Ya 2004, wale wanaokwenda kutafuta ua.

Idi: Ya kwanza ndiyo baba lao. 1997, mto Amazon. Mimi niliionea kibanda umiza Mtoni, tumebanana kwenye mabenchi, jamaa anatafsiri kwenye spika huku jenereta linanguruma nje. Yule adui, mwindaji nyoka, Jon Voight, anamezwa mzima mzima. Halafu nyoka anamtapika, na jamaa anamkonyeza Jennifer Lopez kabla ya kukata roho. Kibanda kizima kilisimama. Wengine walitoka mbio bila ndala.

Shangazi Zena: Idi, mtoto wa watu hajalala, wewe unasimulia mengine.

Idi: Samahani mama. Ila ile picha naipenda kwa kweli. Hata makosa yake nayapenda. Kuna sehemu boti inarudi nyuma, ukiangalia maporomoko ya maji kule nyuma yao, maji yanapanda juu. Waligeuza mkanda tu.

Mama Twaha: Salma mwanangu, hiyo yako inahusu nini hasa? Nijue naanzia wapi kuongea naye.

Salma: Mama ni hivi. Kampuni ya dawa ya Marekani inatuma watu Borneo kutafuta ua la okidi linalosemekana linarefusha maisha. Linachanua kwa miezi 6 tu kila baada ya miaka 7, na msimu unakaribia kwisha, kwa hiyo wana haraka. Mvua za masika zimejaza mto, manahodha wote wanakataa, anapatikana mmoja mwenye boti kuukuu anayekubali kwa sababu ya pesa. Boti inaangukia maporomoko, wanabaki porini kwa miguu. Huko sasa ndiko kuna majoka.

Salma: Na majoka ni makubwa hivyo kwa sababu yanaishi jirani na lile ua. Yanaishi sana, kwa hiyo yanakua sana. Hiyo ndiyo hoja ya filamu.

Shangazi Zena: Na nani anakufa?

Salma: Wengi. Wa kwanza anavuka maji yanayomfika kifuani, wenzake wako mbele, joka linatokea kwa chini linamnyakua wote wakiona. Nadhani hapo ndipo Twaha alipoanza kuogopa ndoo.

Mama Twaha: Anaitaja hiyo hiyo. "Yule wa kwenye maji."

Salma: Lakini mama, sehemu inayotisha kuliko zote haina joka ndani yake, mwanzoni walau. Yupo mmoja anaitwa Jack, ndiye analitaka lile ua kwa udi na uvumba. Mwenzake Gordon anamwambia tuachane nalo, turudi nyumbani. Jack anamwekea buibui mwenye sumu ya kupoozesha. Gordon anakaa pale, macho yanaona, masikio yanasikia, mwili haufuati hata kope. Joka linashuka kwa juu taratibu na yeye analiangalia. Hawezi hata kupiga kelele. Mimi niliisimamisha hapo nikawasha taa.

Idi: Hiyo sehemu ni mbaya sana. Mtu kamuuza mwenzake kwa ajili ya ua.

Salma: Ndicho ninachosema. Twaha Kiingereza bado. Yeye kaona joka tu. Adui wa ile picha ni Jack, na Jack kwa Twaha alikuwa mzungu mmoja anayeongea na wazungu wengine. Joka lilikuwa lina njaa, basi.

Mama Twaha: Miaka 9 Salma. Tusitafute sababu, hiyo picha si ya mtoto.

Salma: Ni kweli mama. Hata wao Marekani waliiwekea alama ya miaka 13.

Baba Mdogo Hamisi: Wa alaykum salaam wote. Nilikuwa msikitini ndiyo nasoma sasa. Shemeji pole. Twaha yuko macho?

Mama Twaha: Ahsante shemeji. Yuko hapa kaning'ang'ania.

Baba Mdogo Hamisi: Mpe simu aniulize mwenyewe.

Mama Twaha: shikamoo baba mdogo ni mimi twaha. anakonda anaweza kuja kinyerezi

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Hawezi. Anakonda kwao ni Amerika ya Kusini, nchi kama Brazili, Venezuela na Kolombia, kwenye mito na vinamasi. Kati yetu na wao kuna bahari nzima ya Atlantiki na upana wote wa Afrika. Hata huko Borneo kwenye hiyo picha hayupo! Borneo ni kisiwa cha Asia, wamegawana Indonesia, Malaysia na Brunei. Waliomweka anakonda kule ni watengeneza filamu.

Salma: Na wala hawakupigia Borneo, walipigia Fiji 🙈

Mama Twaha: kwa hiyo ni uongo

Baba Mdogo Hamisi: Anakonda ni wa kweli. Ukubwa ule ndio uongo. Anakonda jike mkubwa kabisa ni mita 5 hivi, wachache wanazidi kidogo, na anaweza kukaribia kilo 100. Ndiye nyoka mzito kuliko wote duniani. Kwa urefu anazidiwa na chatu wa Asia, yule mwenye madoa kama wavu, anavuka mita 7.

Idi: Wa ile ya 1997 walimuunda kwa mitambo, mjomba, futi 40. Zaidi ya mita 12!

Baba Mdogo Hamisi: Idi hapo umegusa jambo. Joka la kiasi hicho liliwahi kuwepo kweli. Walikuta mifupa yake Kolombia, kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, wakamtangaza mwaka 2009 na kumpa jina Titanoboa. Mita karibu 13, uzito zaidi ya tani moja. Aliishi miaka kama milioni 58 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kali, maana nyoka hana joto lake mwilini, analipata nje, na joto likizidi mwili mkubwa unawezekana. Wale wa filamu walibuni joka 1997, miaka 12 baadaye ardhi ikatoa la kwake kubwa zaidi.

Salma: Baba mdogo hii sikuijua kabisa!! 😮

Mama Twaha: na huyo yuko wapi

Baba Mdogo Hamisi: Alishakwisha mwanangu. Mifupa tu.

Mama Twaha: nyoka anaweza kumeza mtu

Baba Mdogo Hamisi: Sikudanganyi. Imewahi kutokea. Mwaka 2017 kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, mtu mzima alikutwa ndani ya chatu wa mita 7. Dunia nzima iliandika kwa sababu ni jambo la nadra mno. Kinachomshinda nyoka kwa binadamu ni mabega, ni mapana kwake. Hapa kwetu chatu wetu chakula chake ni panya, kuku, sungura, paa. Akimsikia mtu anaondoka.

Shangazi Zena: Hamisi si uliwahi kumwona anakula wewe, enzi zako za Selous?

Baba Mdogo Hamisi: Nilimwona, dada. Karibu na Rufiji, sehemu ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alikuwa amemkamata swala pala, kamzungushia mwili. Watu wanasema chatu anavunja mifupa au anamnyima mtu pumzi. Mwaka 2015 watafiti Marekani waliwapima nyoka wa jamii ya boa wakaona kuwa ule mbano unasimamisha damu. Moyo unashindwa kusukuma, mnyama anazimia upesi. Ndivyo nilivyoona mimi, yule swala hakuhangaika muda mrefu.

Baba Mdogo Hamisi: Kisha akalegeza, akaanza kumtafuta kichwa kwa ulimi. Anaanzia kichwani ili miguu na manyoya vilale kuelekea nyuma. Taya la chini halikuungana mbele, kila upande unakwenda peke yake: kulia kunavuta, kushoto kunavuta. Nilikaa kwenye kichuguu na darubini na nikaona kitu ambacho hakuna picha iliyonionyesha. Mdomo umejaa swala, halafu pembeni chini ya ulimi kinatokeza kijibomba cheupe, kinafunguka na kufumba. Ni koo lake la hewa. Analisogeza nje ili aendelee kupumua wakati anameza. Taratibu kabisa. Hakuna kukimbiza mtu, hakuna kupiga kelele. Nyoka hana sauti ya kupiga kelele, ana kufoka tu.

Salma: Na kwenye filamu zote mbili wanapiga mayowe.

Idi: Na ile ya kwanza inaanza na maandishi kwamba anakonda anatapika alichokula ili aue tena.

Baba Mdogo Hamisi: Hilo ndilo linaloniuma, Idi. Nyoka anatapika akisumbuliwa, anataka awe mwepesi akimbie. Wao wamelifanya kuwa uchu wa kuua. Mtu akitoka kuona vile akamkuta chatu shambani, anachukua panga. Chatu hana sumu, na anatusaidia kula panya. Wasukuma ngoma ya Bayeye wanacheza naye mabegani.

Shangazi Zena: Hilo la Bayeye nimeliona kwa macho yangu. Watoto walikuwa wanamshika mkia.

Baba Mdogo Hamisi: Twaha, na hili sikiliza. Chatu jike anayalalia mayai yake, anajiviringisha juu yake bila kula muda wote huo. Anatoka kuota jua, mwili ukipata moto anarudi kuyapasha. Afrika Kusini wamemfuatilia wakakuta hata watoto wakianguliwa, anakaa nao kama wiki 2, usiku wanalala katikati ya mizingo yake.

Mama Twaha: kama kuku

Baba Mdogo Hamisi: Kama kuku. Umepatia.

Mama Twaha: Ni mimi sasa shemeji, kanirudishia simu anachora. Allah akulipe kheri.

Baba Mdogo Hamisi: Amin. Ila shemeji, ile hofu tusiiondoe yote, tuielekeze tu. Nyasi za nyuma ya choo chenu zimekuwa ndefu. Wa kuogopwa pale ni kifutu. Mfupi, mnene, rangi ya majani makavu, haondoki hata ukimkaribia, unamkanyaga. Kesho nakuja na fyekeo. Na Twaha akitoka usiku avae viatu, siyo ndala, na ashike tochi.

Shangazi Zena: Na akiuma?

Baba Mdogo Hamisi: Hospitali, moja kwa moja. Mtu atulie, asikimbie, mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimpake mafuta ya taa. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na karibu wote ni nyoka wa sumu, wadogo, wa shambani na uani. Hawa hawatengenezewi filamu.

Mama Twaha: Nimeelewa. Fyekeo njoo nalo, chai itakuwepo.

Idi: Mama Twaha, nina ombi. Jumamosi nije na ile projekta, tuiangalie wote. Mimi natafsiri kama kule kibandani. Twaha amjue Jack ni nani na kwa nini ni adui. Mjomba akae pembeni aseme hapa kweli, hapa uongo.

Mama Twaha: Idi hapana. Ndiyo kwanza anaanza kutulia.

Salma: Mama, kinachomtesha ni kile alichokiona peke yake bila wa kumuuliza. Akiiona akiwa amekaa mapajani kwako itakuwa kitu kingine.

Shangazi Zena: Mimi namuunga mkono Salma. Sisi tuliogopa mazimwi ya hadithi, lakini mama alikuwa anatusimulia akiwa katikati yetu.

Mama Twaha: Basi iwe mchana, na madirisha wazi. Ile ya buibui mnairuka. Akisema zima, inazimwa saa hiyo hiyo, hata stelingi awe amening'inia wapi.

Idi: Nakubali yote mama. Na stelingi hafi, nimwambie mapema.

Salma: Sehemu ya buibui niachieni rimoti mimi, najua dakika yake.

Baba Mdogo Hamisi: Mama yupo? Naona yuko hewani.

Bibi (ujumbe wa sauti, kaandika Salma): Nipo, nawasikiliza tu. Hiyo picha mimi nilipita sebuleni nikaona tumbili mdogo yuko botini na wale watu. Sikukaa, nilikuwa na udhu. Tumbili aliliwa?

Salma: Hapana bibi, anaitwa Kong. Kapona, anatoka na waliobaki.

Bibi (ujumbe wa sauti, kaandika Salma): Basi Jumamosi na mimi nitakaa. Idi uje na waya mrefu, ule wa hapa umeungua.